Kumpungia Mama Roketini

Mama akikaanga viazi karai hapa Minto, Australia, harufu ya ukwaju hunirudisha ufuoni kwetu, mbele ya jukwaa la roketi lililosimama baharini, ambalo tangu nizaliwe halijarusha hata kopo.

Siku aliyoondoka Mama kuja huku kufanya kazi ya unesi, akili zangu za chekechea ziliamua kwamba atarushwa kutoka pale. Nikaketi mchangani na bibi, tayari kumpungia.

"Bibi, mbona hawaiwashi?"

"Kula viazi, mume wangu. Roketi haipendi kelele."

Ndege ikapita juu yetu ikinguruma. Bibi akaifuata kwa macho hadi ikapotea, kisha akajipangusa uso kwa leso.

Mimi sikuipungia. Niliitolea ulimi, nikapiga ukelele: "Nyamaza wewe! Roketi haipendi kelele!"