Ubao wa Matundu Matatu

Nakumbuka siku moja ya masika huko Mufindi, miaka ya hamsini, nilipotengeneza ubao uliopendeza kwa macho tu. Mwanangu, nilikuwa kijana niliyetoka Tukuyu na elimu ya darasa la nne, na haya zangu zilikuwa kubwa kuliko mwili wangu.

Katika kiwanda cha chai nilichofanyia kazi ya useremala, mkanda wa mashine ulileta majani mabichi. Mzee Chengula alisimama kando yake akiyageuza kwa mkono, yaingie chumba cha kunyaushia. Vidole vyake viwili vilikwisha kukatwa na mashine. Niliapa moyoni kwamba cha tatu hakitakatwa, nikamwomba msimamizi niweke ubao badala ya mkono.

"Una mpaka Jumamosi," alisema. "Ukishindwa, mzee anaendelea na mkono."

Nilipima mkanda ukiwa umesimama, watu wameshaondoka, kwa sababu niliona haya kuuliza. Nikaupigilia ubao misumari, ukiwa mshazari juu ya mkanda. Asubuhi majani yalikuja yamelowa mvua. Yakajazana kwenye ubao, yakamwagika sakafuni mpaka magotini. Watu walicheka sana.

Mzee Chengula hakucheka. "Wewe mtu wa ndizi za Tukuyu, juu ya huu ubao ulimuuliza nani?"

"Niliupima kwenye mkanda, baba."

"Na mimi ninayesimama hapa ukanipita kama nguzo? Mimi sisukumi. Nalaza mkono mshazari tu, majani yanajiendea. Yakilowa naulaza sana, yakikauka kidogo. Lete mkono wako."

Akaulaza mkono wangu anavyolaza wake, nami nikachora mistari kwa mkaa kwenye kiunzi cha mkanda: wa mvua, wa umande, wa jua. Kila mstari nikautobolea tundu. Nikang'oa ubao wa kwanza, na ncha moja ya ubao mpya nikaifunga kwa bawaba. Ya pili ikashikwa na pini ya chuma, ya kuhamisha tundu hadi tundu. Ukingo wake ulikwaruza mkanda, basi nikavua katambuga langu moja la tairi, nikakata mpira wake nikauvika ubao.

Jumamosi mvua ilinyesha. Mzee alihamisha pini mwenyewe, msimamizi akitazama. Majani yakageuka taratibu, yakaingia chumbani, wala hayakumwagika. Mzee Chengula akatia mikono yote miwili mifukoni.

"Leo baridi ya Mufindi imenikosa," akasema.

Nilirudi kambini katika matope, mguu mmoja mtupu, na sikujali.

Mwanangu, ukitaka kumpunguzia mtu kazi, kwanza muulize anavyoifanya. Haya zisikufunge mdomo. Mimi zilinigharimu ubao, wewe zinaweza kukugharimu mtu. Na kitu unachokitengeneza usikiharakishie misumari. Kiachie nafasi ya kusogea, kwa kuwa majani ya leo si ya kesho. Ukishindwa mara ya kwanza, rudi palepale ulipochekwa ukaanze tena.

Mungu akupe kazi ya kukutosha, na akuzeeshe ukiwa na vidole vyako vyote kumi.