Chumvi Kabla ya Mvua

Siku ya kwanza kazini Thamesmead, pembezoni mwa London, nilipewa beleshi, toroli na jaketi la njano lililonipwaya. Msimamizi wetu, Bwana Hirani, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alinionyesha lundo la chumvi ya kahawia. "Hii si ya kupikia, bwana. Itawanye kabla njia haijaganda. Ikishaganda, umechelewa." Kazi yetu ilikuwa hiyo kila majira ya baridi: kuzuia barafu isishike kwenye njia za miguu, kutoka magorofani hadi kituo cha basi.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, milimani kusini mwa Tanzania, na sijui kutulia. Nimeishi Mbeya, Nairobi, Glasgow miaka mitatu, kisha London, na kila mahali nimepima baridi yake. Ya Makete ni kavu. Inauma masikio alfajiri, jua likitoka inakwisha. Ya Glasgow inakuja na upepo wa kukusukuma. Ya London ukiisikia redioni utaidharau, lakini imelowa. Mvua inanyesha mchana, mbingu inatakata jioni, na maji yaleyale yanageuka kioo. Hayo nilijifunza kwa misimu mitano, nikaamini uongozi wa zamu ni wangu.

Akaja Kamau wa Limuru, aliyefanya kazi hiyohiyo Aberdeen, kaskazini mwa Scotland.

"Hii ndiyo mnaita baridi?" alisema siku ya kwanza. "Aberdeen theluji inafika hapa," akagusa kiuno. "Unachimba mlango ndio utoke, bana!"

Nikataja Glasgow.

"Glasgow ni kusini, mzee. Huko tulikuwa tunaenda kuota jua."

Bwana Hirani alicheka hadi akapangusa macho. Wiki iliyofuata akampa Kamau uongozi wa zamu. Siku kadhaa nilikula chakula changu cha mchana peke yangu, mbali naye.

Mchana mmoja wa Januari, wingu likiwa zito, Kamau aliamuru tutawanye chumvi saa nane. Aberdeen hilo lingefaa: kule theluji huanguka juu ya chumvi inayoisubiri. Hapa mvua ingeiosha yote mtaroni kabla baridi haijashuka. Njia sahihi ilikuwa kusubiri mvua ikatike. Kamau akanigeukia. "Unaonaje, mzee?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Wewe ndiye wa Aberdeen."

Asubuhi iliyofuata Mama Neema, mhudumu wa wazee aliyezoea kutuletea chai ya tangawizi, aliteleza akiwahi basi. Mkono ukavunjika. Kamau alipiga magoti kwenye barafu, akamfunika kwa jaketi lake, akirudia, "Ni makosa yangu, mama. Ni mimi." Mimi nilisimama na beleshi langu.

Bwana Hirani akanipa zamu. "Ningekupa wewe tangu mwanzo," alisema. Nikaipokea. Niliishika misimu minane, mpaka magoti yaliponistaafisha kabla ya umri. Kila mvua ilipokatika nilianza na njia ya Mama Neema. Hunishukuru mpaka leo, akinipungia mkono usionyooka sawasawa.

Vijana wa zamu huniuliza wapi kuna baridi kali zaidi. Nawaambia waanze kwa kumuuliza mtu aliyekaa pale muda mrefu, kisha wamtazame usoni anapojibu.

Kamau alirudi Aberdeen. Hunitumia picha za theluji iliyofika dirishani, na kila ikifika moja wivu unaniamka upya. Theluji yake siitaki tena. Namwonea wivu kwa sababu siku ile yeye hakujua.