Miaka Kumi na Mmoja Ndani ya Ndovu

Ni asubuhi ya baridi kali, na Kathambi Njoka ameketi juu ya kreti ya soda nyuma ya jukwaa, akiingiza miguu yake ndani ya miguu ya ndovu. Vazi lililowa jana kwa manyunyu na halikukauka usiku. Linanuka kama godoro lililonyeshewa.

Mwenzake Nyawira, ambaye huvaa twiga, anamfunga kamba za mgongoni. "Vuta pumzi, mama," anamwambia. Kathambi anavuta. Kichwa kinashushwa, na mwanamke huyo wa miaka arobaini na mitatu anatoweka. Nje, watoto tayari wanaita, "Guka! Guka Ndovu!"

Guka ni babu. Hivyo ndivyo watoto wa Nyeri wanavyomjua ndovu huyu, na ni wachache wanaojua kwamba ndani ya babu kuna mama.

Gwaride la wanyama ndilo lililoipa jina Raha Kirima, bustani kubwa ya burudani iliyo nje kidogo ya Gatitu. Kila likizo, na siku za safari za shule, simba, twiga, kifaru na ndovu hufuata gari la muziki kutoka langoni hadi kwenye bembea kubwa, asubuhi na alasiri. Wiki hii ni ya mwisho. Bustani inabadilisha maonyesho yake, na katika yale mapya hakuna ndovu.

"Nimechoka," anasema Kathambi baadaye, kichwa cha ndovu kikiwa kando yake, nywele zimeshikana kwa jasho. "Lakini kuna kuchoka ukaacha kazi mwenyewe, na kuna kuchoka halafu unaambiwa kazi imekuacha. Hizo ni vitu mbili."

Alizaliwa Tharaka na kuja Nyeri akiwa na mtoto mchanga mgongoni, baada ya mumewe kufariki. Alifua nguo za watu mtaani Majengo, kisha akaajiriwa Raha Kirima kufagia. Asubuhi moja mwanamume aliyekuwa akivaa ndovu hakufika. Msimamizi alitazama huku na huku, akamwona Kathambi na ufagio wake.

"Aliniambia, 'Ingia hapo, ni ya leo tu,'" anakumbuka. "Hiyo leo ndiyo hii."

Tangu hapo maonyesho yamebadilika mara nyingi. Upo mwaka ambao wanyama wote walivaa jezi za mpira. Upo mwingine ambao ndovu alivishwa mabawa ya malaika kwa ajili ya Krismasi, na mabawa hayo yakamkata mabega. Kila badiliko lilikuja na hatua mpya za kujifunza, na kila mara kuna mtu aliyerudishwa nyumbani.

Sheria moja haikubadilika: mnyama haongei. Ukikanyagwa, nyamaza. Ukivutwa mkia, punga sikio.

Sheria hiyo ndiyo iliyomtesa mwezi Juni.

Kathambi hakuwa amemwambia bintiye, Kanana, kazi anayofanya. Alimwambia anakaanga chipsi katika jiko la bustani. "Watoto wa shule wanacheka," anasema. "Sikutaka aitwe mtoto wa ndovu."

Kisha shule ya Kanana, aliye Gredi ya Sita, ikapanga safari ya Raha Kirima. Kathambi aliomba ruhusa ya siku hiyo, akanyimwa. Wageni walikuwa wengi mno. Akaingia ndani ya vazi akiomba basi liharibike njiani.

Basi halikuharibika. Gwaride lilipofika karibu na bembea, kundi la wasichana lilimzingira. Ndani ya ndovu mtu huona kupitia wavu ulio mdomoni, na huona zaidi miguu ya watu kuliko nyuso zao.

"Nilisikia sauti yake kwanza. Halafu nikaona viatu. Ni mimi nilivipaka rangi asubuhi."

Wasichana walishika mkonga, wakahesabu, wakavuta pamoja. Ndovu akaanguka kwa goti kwenye saruji. Umati ukacheka, ukidhani ni sehemu ya mchezo. Kinoti, mlinzi, alimshika mkono na kumuuliza kwa mnong'ono kama ameumia. Kathambi hakujibu. Alisimama, akapunga sikio, akaendelea kutembea nyuma ya muziki.

"Ningesema neno moja tu, Kanana angejua," anasema. "Mbele ya darasa lote. Nikaona afadhali goti."

Jioni hiyo Kanana alifika nyumbani amekasirika. Alikuwa amekwenda jikoni kumtafuta mamake, na wapishi wakamwambia hapakuwa na mtu kama huyo. Lakini hasira haikumzuia kusimulia.

"Mama, leo tumemwangusha Guka Ndovu! Ati alianguka puu!"

Kathambi alikuwa ameketi kitandani, mguu kwenye beseni. Goti lilikuwa limevimba. Anasema alifikiria kudanganya tena, kisha nguvu za kudanganya zikamwishia.

"Nikamwambia, 'Kanana, huyo ni mimi.'"

Msichana alitoka nje mbio, akaenda kulia mlangoni kwa mwenye nyumba, Bi Mwanabibi, ambaye amewapangisha chumba hapo Majengo tangu Kanana akiwa anatambaa.

"Nilimwacha alie kidogo," anasema Bi Mwanabibi. "Halafu nikamwambia, machozi haya si yangu mimi. Mpelekee mwenyewe."

Alimpelekea. Alichukua kitambaa na kuanza kulikanda goti. Alipoulizwa na mwandishi huyu aliwaza nini, Kanana aliinamisha kichwa. "Niliwaza ni mara ngapi watu wengine wamemfanyia hivyo na hawakujua ni mama ya mtu." Siku iliyofuata aliwaambia marafiki zake ukweli. Wawili walicheka. Mmoja alikuja Jumapili kuomba msamaha, akabaki kwa chai.

Wiki chache baadaye, wafanyakazi waliitwa kwenye mkutano. Meneja, Hezekiah Kahiga, aliwaeleza kwamba wageni wamechoshwa na wanyama wa sponji. Kuanzia Desemba kutakuwa na wachezaji wa mironjo, ile miti mirefu inayofungwa miguuni ili mtu atembee juu juu, wakivaa taa na mabawa ya korongo.

"Sifurahii kumwondoa mtu," anasema Kahiga. "Lakini mtoto wa leo ameshaona kila kitu kwenye simu. Tusipobadilika, tutafunga wote."

Kathambi alijiandikisha kwa majaribio. Wenzake walidhani anatania. Goti likiwa limefungwa bendeji, alipanda mironjo mbele ya mkufunzi, Shariff, miongoni mwa vijana ambao wengi wao wangeweza kuwa wanawe. Alitembea hadi nusu ya ukumbi. Alipogeuka, goti likakataa. Shariff alimdaka kabla hajafika chini.

"Ana usikivu wa muziki kuliko wote niliowachagua," anasema Shariff. "Hata akiyumba, anayumba ndani ya ngoma. Lakini lile goti litamwua. Nilimwambia, dada, samahani, siwezi."

Badala yake amepewa kazi ya kushika kamba inayozuia umati wakati gwaride linapopita. Ameikubali kwa sababu ya karo, ingawa mshahara ni mdogo na ni kazi ya kusimama. Hajui goti litaivumilia vipi.

Bustani itafungwa baada ya likizo hii ili jukwaa jipya lijengwe. Katika kipindi hicho Kathambi anapanga kwenda hospitalini, goti likaangaliwe vizuri kwa mara ya kwanza tangu Juni. Na ameshamwomba meneja jambo moja: siku ya uzinduzi, mtu mwingine ashike kamba. Ameahidiwa.

Anataka kuingia kwa mlango wa wageni, yeye na Kanana, watafute kiti mbele.

"Miaka yote hiyo sijawahi kuona gwaride," anasema, akisugua goti kwa kiganja. "Nataka kukaa chini nikule mahindi ya kuchoma. Wao wapite."