Vyote Vilivyoitwa Mazoezi

Wanafunzi wake walimpachika jina la Bwana Futa, nalo likamkaa. Alifundisha kompyuta kwenye chumba kilicho juu ya duka la vioo, na kila darasa alilifunga kwa maneno yaleyale: "Ukishatumia, futa!" Hata nyumbani mkewe alikunywa chai mbiombio, maana kikombe kikitua tu mezani, mume keshakiosha. Usafi wake ulipita kiasi, lakini roho yake ilikuwa nyeupe.

Safari hii somo lilikuwa mashine pepe, zile kompyuta zisizoshikika zinazokaa kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kukodi iliyo mbali huko. Aliwaagiza kila watakachotengeneza wakiite "mazoezi", ili siku ya mwisho asipate tabu kufagia. Siku hiyo ikafika.

"Kuna mwenye chake humu?" akauliza.

"Hakuna!" wakaitikia, mikoba tayari mabegani.

Akachagua mazoezi yote, akabonyeza kufuta, akathibitisha. Wakaaga, wakashuka ngazi kwa vicheko.

Ndipo akaingia mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, muuza dawa, aliyekuwa ametoka nje kupokea simu.

"Mwalimu, nimekuja na flashi. Nihamishie zile sauti za marehemu."

Marehemu mume wa mama huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Simu iliyobeba sauti zake ilipoanza kufa, ni Bwana Futa mwenyewe aliyemshauri mjane aziweke kwenye wingu la darasa, kwa muda tu.

"Uliziitaje, mama?"

"Si mazoezi? Alikuwa anajirekodi akifanya mazoezi ya kwaya."

Mwalimu akabonyeza kughairi, kitufe hakikuitikia. Akatafuta nakala za akiba; hazikuwepo, alizizuia mwenyewe, kwani za darasa za nini? Kwenye kioo majina yalitoweka moja baada ya jingine, naye akakodoa macho tu. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo alilijua tangu utotoni, ila kulijua hakukumsaidia kitu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama akamwona anavyohangaika, akamhurumia.

"Mtandao unasumbua leo, eh? Usijitese, mwanangu. Mimi sina haraka, nitangoja hapahapa."

Bwana Futa akataka kumwambia ukweli. Badala yake akamvutia kiti, akakipangusa vumbi.

"Kaa, mama," akasema.