Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Vitabu tisini na tatu ameviandika, na bado wapo watu wazima, wenye shahada zao na miwani yao, wanaomuuliza Bibi Nukta ni lini ataandika kitabu cha kweli. Husema hivyo kwa tabasamu, wakidhani wanamtia moyo. Yeye huwatazama kuanzia viatu hadi nywele, halafu huwauliza, "Wewe kusoma ulijifunzia kwenye kitabu gani? Cha sheria?" Wengi hucheka. Hawajui kwamba hakufanya mzaha, na kwamba akifika nyumbani ataisimulia hasira hiyo kwa sufuria na vikombe mpaka chai ichemke ikauke.

Hasira yake si ya juzi. Wanaomfahamu husema alizaliwa nayo, lakini huo ni uvivu wa kufikiri. Hakuna anayezaliwa na hasira, mtu hupewa. Yeye alipewa akiwa na miaka minane, na aliyempa ni shangazi yake, kwenye lango la nyumba yao, mchana kweupe.

Mama yake alipelekwa hospitali siku ya Jumatatu. Ijumaa watu wakajaa nyumbani, viti vikaazimwa huku na kule, naye akapelekwa kwa jirani akacheze. Aliporudi, shangazi alichuchumaa, akamshika mabega, akamwambia, "Mama amesafiri. Amekwenda mbali kidogo. Atakuletea viatu vyekundu."

Mtoto akauliza, "Anajua namba ya mguu wangu?"

Shangazi akasema anajua. Basi mtoto akaenda kukaa langoni. Akakaa siku hiyo, na kesho yake, na kila alasiri akitoka shule, kwa mwaka mzima na miezi miwili. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye akili, aliona tatizo ambalo watu wazima hawakuliona: mguu hukua. Akatafuta uzi. Kila mwisho wa mwezi alipima wayo wake, akafunga fundo pale kidole gumba kilipoishia, ili mama akija na viatu vidogo apate kumwonyesha kwamba kosa si lake. Uzi ulikuwa na mafundo kumi na manne, mengine yamebanana kabisa, siku mtoto mwenzake alipomwambia katika ugomvi wa kamba ya kuruka, "Mama yako alikufa. Kila mtu anajua isipokuwa wewe."

Kilio cha kumlilia mama kilikuja baadaye, na hata leo hakijaisha. Siku ile kilichomuuma ni yale maneno "kila mtu anajua". Mwenye duka alijua. Mwalimu wake alijua, na alimpita pale langoni kila jioni akimpungia mkono. Baba yake alijua, akawa anamwitia chakula kutoka mlangoni bila kumtazama. Mji mzima ulikuwa umemwacha mtoto akipima miguu.

Alipokua alisomea ualimu, akapewa darasa la tatu, akang'ang'ania darasa la tatu kwa miaka thelathini na moja. Huko ndiko alikopatia jina. Hadithi zake aliziandika kwa penseli kwenye madaftari ya mistari, na kila moja ilipokwisha aliwasomea wanafunzi wake kwa sauti, daftari mkono huu, penseli mkono ule. Mtoto akitazama dirishani, mwalimu anatia nukta pembeni mwa mstari. Mtoto akijikuna, nukta. Akimfinya mwenzake, nukta mbili. Jioni alifuta kila mstari wenye nukta, hata ule aliokuwa akijivunia tangu asubuhi. Walimu wenzake walidhani anaorodhesha watukutu. Watoto walijua zaidi, na ukisimama nje ya darasa lake ungewasikia wakikemeana: "Tulia wewe, utaikatisha hadithi!"

Kitabu chake cha kwanza kiliitwa Uzi Wenye Mafundo, na sina haja ya kukueleza kilimhusu nani. Kilikuwa na kurasa thelathini na mbili, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa na kukatwa hutoa kurasa thelathini na mbili, na hadithi ya mtoto hukatwa kwa kipimo cha karatasi. Kwenye ukurasa wa mwisho baba anakaa chini langoni, pembeni ya msichana, anamwambia kweli, kisha wanaufungua uzi pamoja, fundo baada ya fundo. Alipousoma darasani hakuna aliyetazama dirishani. Daftari lilirudi nyumbani bila nukta hata moja, jambo ambalo halikutokea tena kwa miaka arobaini.

Mhariri wa nyumba ya uchapishaji siku hizo alikuwa mzee mmoja mpole wa sauti, katili wa mkono, ambaye waandishi wote walimwita Kalamu Nyekundu. "Mwalimu," alimwambia, "mtoto hapewi msiba. Mtoto hupewa funzo." Walibishana miezi mitatu. Mwishowe mzee akanyamaza, naye Nukta akadhani ameshinda. Kumbe mzee alikuwa anasubiri tu. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mwandishi husoma nakala ya mwisho, kisha hutia sahihi karatasi ya idhini inayobandikwa juu yake. Kalamu Nyekundu alituma ile karatasi peke yake, bila nakala, tena akaituma wodi ya wazazi, ambako Nukta alikuwa amelazwa na binti yake wa siku moja. "Sahihi tu, mwalimu," mjumbe alisema akiangalia ukuta. "Mengine ni yale yale." Mtoto titini, kalamu mkononi, akatia sahihi.

Kitabu kilipotoka, ukurasa wa thelathini na mbili ulikuwa na mama amesimama langoni, mzima, mnene, na mfuko wa peremende. Mkononi ana viatu vyekundu. Vilimwenea msichana sawasawa. Chini, ndani ya kisanduku, paliandikwa: Funzo: Mvumilivu hula mbivu.

Kisa hicho Bibi Nukta amekisimulia kwa miaka arobaini. Amekisimulia redioni, kwenye semina za walimu, hata kwenye harusi ya binti yake huyo huyo, mbele ya wakwe, mpaka bwana harusi akaomba muziki uongezwe. "Walinivizia nikiwa kwenye kitanda cha uzazi," husema. "Waliniibia ukurasa wangu." Na kwa sababu dunia haina aibu, kitabu hicho ndicho kilichopendwa kupita vyote. Kiliingia mashuleni. Hivyo vingine tisini na viwili aliviandika kwa ghadhabu, kimoja juu ya kingine, na hakuna hata kimoja ambacho mtoto anadanganywa ndani yake. Mbwa wanakufa. Baba wanafukuzwa kazi. Watu bado wanakuja kumwomba atie sahihi kile cha peremende.

Mwaka huu nyumba ya uchapishaji ilitaka kukitoa upya: miaka arobaini, picha za rangi, jalada gumu. Haki zilikuwa zake, kwa hiyo walihitaji idhini yake. Bibi Nukta alijibu kwa sentensi moja: ukurasa wa thelathini na mbili urudishwe, la sivyo kitabu kife. Wakamwita ofisini. Alikwenda na binti yake, ambaye alimshika mkono kwenye ngazi ghorofa mbili nzima, mama akisimama kila kona, kwa kupumzika na kwa kutukana ngazi.

Chumbani walikuwa watu wawili. Meneja, mwanamume wa tai na maji ya chupa, na mhariri, binti wa miaka kama thelathini aliyekuwa na faili la zamani mapajani na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Feni ilipepea karatasi, karatasi zikazuiwa na mashine ya kubania pini.

"Bibi, watu wanakipenda kilivyo," meneja alianza. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayakumwagika. Mliyamwaga."

"Sisi hatukuwepo, Bibi. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Na mimi nilikuwa wodini!" Akagonga meza, chupa ikaruka. "Mtu ananyonyesha, mnamletea karatasi! Laiti ningeuona ule ukurasa kwa macho yangu, ningeuchana nikautafuna!"

Mhariri akakohoa. "Bibi, samahani. Mimi niko upande wako, naomba ujue hilo. Nilikwenda stoo kutafuta mswada wako ili tumshinde meneja." Meneja alimtazama. "Nikakuta hii. Ni idhini ya toleo la pili, miaka miwili baada ya la kwanza."

Akaiweka mezani. Karatasi ya idhini, na safari hii chini yake nakala nzima imebanwa. Ukurasa wa thelathini na mbili ulikuwa juu. Mama mnene, peremende, viatu. Mahali ambapo mpiga chapa alisahau kituo baada ya neno "viatu", mtu alikuwa amekiweka kwa penseli, kwa uangalifu. Na pembeni, kwa mwandiko ambao kila mtoto aliyepita darasa la tatu la shule ile angeutambua gizani: Nimesoma. Ubaki ulivyo. Kisha sahihi.

Bibi Nukta aliitazama karatasi ile.

"Mama?" binti yake alisema.

Meneja alijitahidi asitabasamu. Hakujitahidi vya kutosha.

Walirudi nyumbani. Binti alifungua mlango, akaweka birika jikoni, kisha akaizima kabla haijapata moto. Alikuwa amerithi pua ya mama yake, na hasira yake pia.

"Maisha yangu yote," alisema, "nimeambiwa kitabu chako kiliibwa kwa sababu yangu. Kwa sababu nilikuwa nazaliwa. Nikiwa na miaka sita nilikuomba msamaha, unakumbuka? Nilikuja nikapiga magoti nikasema samahani mama nilizaliwa siku mbaya. Ukanikumbatia. Hukusema kitu!"

"Nakumbuka."

"Uliusoma! Ukaweka na kituo!"

Bibi Nukta alikwenda chumbani, akarudi na kopo la bati la penseli. Chini ya penseli palikuwa na nusu ukurasa wa daftari, umekunjwa mpaka umechanika kwenye mikunjo. Akampa. Binti akasoma, mwandiko wa mtoto, herufi zimelala huku na huku:

Shikamoo mwandishi. Mama yangu pia amesafiri. Nami nimefunga uzi. Una mafundo sita. Kwenye kitabu chako yalikuwa mangapi mama aliporudi? Nijibu nipate kumwambia mdogo wangu.

"Angalia tarehe," mama alisema.

Binti aliangalia. Barua ilikuwa imeandikwa wiki tatu kabla ya ile idhini.

"Nilikuwa nayo ndani ya mkoba nilipoketi ofisini kwa Kalamu Nyekundu," alisema Bibi Nukta. Sauti yake ilikuwa kavu, na hasira yote imo humo, ila sasa imegeuka upande. "Akaniambia shule zimekubali kitabu, lakini kwa ukurasa ule. Ukibadilika, basi. Hakunitisha. Alinimiminia chai. Nikaona jina langu kwenye kila dawati nchi nzima. Nikatia sahihi. Nikarudi nyumbani, nikaanza kusimulia habari ya wodi, kwa sababu ile ilikuwa kweli, na kweli moja ukiisema kwa sauti kubwa watu hawaulizi ya pili. Miaka arobaini namtafuta mwizi, na kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi yangu alimdanganya mtoto mmoja. Mimi nimemdanganya kila mtoto aliyejua kusoma."

"Ulimjibu?"

"Ningemjibu nini?"

Binti hakumkumbatia. Aliiwasha tena birika, akamwekea mama chai mbele yake kwa kishindo, akasema, "Kaa uandike."

Ilimchukua siku tisa. Ukurasa wa thelathini na mbili ulirudi kama ulivyokuwa darasani zamani, baba langoni, uzi unafunguliwa, bila kisanduku cha funzo. Halafu akaandika maneno machache zaidi, ya kukaa upande wa ndani wa jalada la nyuma. Akavipeleka vyote shule yake ya zamani, akawasomea darasa la tatu. Yeye alisoma kwenye karatasi, na daftari lenye nakala pamoja na penseli ya nukta akampa binti yake ashike. Mhariri alikaa nyuma, kwenye kiti kidogo, magoti karibu na kidevu. Hakuna mtoto aliyetazama dirishani. Binti alimrudishia daftari bila nukta hata moja, na huo ndio msamaha pekee aliompa mpaka sasa.

Meneja aliukubali ukurasa. Kilichomshinda ni yale maneno ya jaladani. "Bibi, huku ni kujivua nguo hadharani," alisema. "Mwandishi mkubwa kama wewe! Tuseme tu 'toleo lililorekebishwa'. Tupunguze, tubakishe hata mstari mmoja wa pole."

"Wewe kata neno moja," alisema Bibi Nukta, akifunga mkoba wake, "uone kama hicho kitabu utakipata."

Hakukata. Kimetoka mwezi uliopita, rangi nzuri, jalada gumu. Ukikifungua nyuma utakuta maneno yale, kwa herufi kubwa za darasa la tatu, ingawa anayeandikiwa, kama yu hai, ana zaidi ya miaka arobaini na mitano:

Kwako uliyeniandikia ukiwa na mafundo sita. Kwenye kitabu changu mama alirudi kwa sababu niliogopa. Kwenye uzi wangu mwenyewe mafundo yalikuwa kumi na manne, na hakurudi. Wako pia hatarudi. Nilijua siku niliyosoma barua yako, nikanyamaza. Mwambie mdogo wako.