Kilo Themanini na Tatu za Wekulo

Katika ploti yetu ya Kware, jengo la vyumba vya kupanga, hakuna asiyeujua mzani wa Nerima. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Tassia. Wenzake wanapima kwa gorogoro, yeye anapima kwa kilo, maana gorogoro, anasema, ni mkebe uliobondwa kitako na mtu mwenye njama. Akinunua mtungi wa gesi, anautundika kwanza kwenye ndoano ya mzani ndipo alipe. Sukari anapima. Nyama anapima. Mimi Awuor nimekaa mlango wa pili kwa miaka tisa, na siku niliyompelekea sahani ya njugu niliogopa ataitundika pia.

Mzani wa kupima watu aliununua katika zahanati iliyokuwa inafungwa. Aliujaribu kwa pakiti kumi na mbili za unga wa kilo mbili, ukasoma ishirini na nne, ndipo akauamini. Tangu hapo, kila Jumapili kabla ya kanisa nyumba nzima hupanda, yeye, mumewe na binti yao Vivian akiwa likizo, na Nerima huandika kwa kalamu nyuma ya mlango. Wengine hupima watoto kwa kuwaangalia mashavu. Nerima hayaamini macho ya mtu, hata yake mwenyewe.

Mumewe ni Laban Wekulo, dereva wa foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, katika kiwanda cha chakula cha kuku huko Baba Dogo. Ploti nzima tulimwita Dere. Alikuwa na kitambi cha heshima, kitambi cha mtu anayefanya kazi akiwa ameketi.

Basi mwezi wa tatu kitambi kilianza kuondoka. Kufikia wa saba mashavu yalikuwa yameingia ndani na mshipi umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto. Watu wakaanza kumhesabia magonjwa kwenye ngazi. Mimi sikuhesabu magonjwa. Nilimkuta Nerima akianika nguo nikamwambia, "Mwanamume akikonda na haugui, ako na mtu." Nilisema hivyo kwa sababu napenda kuwa wa kwanza kusema, na leo najuta.

Maana kuanzia hapo Nerima alipata dalili kila alipotazama. Wekulo alikuwa akila ugali mara mbili ya zamani. Alianza kufua shati lake la kazi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu waoane. Jioni aliingia akiwa ameshaoga, na sabuni iliyonukia mwilini mwake haikuwa ya nyumba ile. Nerima aliniletea shati ninuse. Nilinusa, nikasema kikulacho ki nguoni mwako.

Kitu kimoja tu kilimzuia kumrukia. Nyuma ya mlango, Januari Wekulo alikuwa kilo themanini na tatu. Aprili themanini na tatu. Julai themanini na tatu. Suruali inamwanguka kiunoni, na mzani unasema hajapungua. Nerima hakulala vizuri. Alinieleza kwamba mtu anayejua anakonda, na hataki mkewe aulize kwa nini, anaweza kutia mawe mfukoni. Jumapili iliyofuata alimwambia mumewe apande na kaptula peke yake. Wekulo alicheka, akavua, akapanda, ila fulana akakataa kuivua, akisema anahisi baridi. Themanini na tatu. Nerima akatoa pakiti zake za unga, akazipanga juu ya mzani mbele yake. Ishirini na nne.

"Kwani unatafuta nini, Mama Vivian?" Wekulo akauliza.

Nerima alirudisha unga kabatini. Mchana alimpigia simu kaka yake Mulongo huko Bungoma aje Jumamosi kwa kikao. Aliniambia ameshaamua. Atamsomea makosa yake mbele ya Mulongo, na kufikia jioni Wekulo atakuwa ameshuka ngazi na begi lake. Ndoa ya miaka kumi na saba. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia amefanya vyema.

Alhamisi tulipitia bucha ya Abdurahim, Nerima na mzani wake wa ndoano kwenye mkoba kama kawaida. Nyama ilitimia kilo, lakini alilalamika kwamba anatiliwa mafuta ili kifurushi kionekane kikubwa. Abdurahim ni mpole, ila siku hiyo alikuwa amechoka naye. Alikata nusu kilo ya nyama ya paja, isiyo na mafuta hata kidogo, akaiweka upande mmoja wa meza. Akapima nusu kilo ya mafuta matupu, akayaweka upande wa pili. Rundo la mafuta lilikuwa kubwa kuliko la nyama. Nerima akazipima zote mbili kwa ndoano yake. Zilikuwa sawa.

"Mama, hapa nachinja ng'ombe wa kila aina," Abdurahim akasema. "Yule wa kusimama zizini ananona. Yule wa kukokota mkokoteni, akili yako inakwambia ni mifupa, lakini ukimkata ni nyama imeshikana. Uzito unaweza kuwa mmoja na hawafanani kabisa. Usiamini macho, na mzani peke yake pia usiuamini."

Nilidhani Nerima atambishia. Aliyatazama yale marundo mawili mpaka mteja aliyekuwa nyuma yetu akakohoa. Njiani aliniuliza swali moja tu. Kama Wekulo hajapungua, ila mafuta yamegeuka nyama, anakokota nini?

Ijumaa tulikwenda Baba Dogo saa za mchana. Sitadanganya, mimi nilikwenda kumwona huyo mwanamke. Tulisimama karibu na kibanda cha chai mkabala na lango la kiwanda, lililokuwa wazi kwa sababu ya lori. Foklifti ilikuwapo, imepandwa na mtu mwingine. Nyuma yake ilikuja safu ya wapakiaji wenye magunia shingoni, na wa nne alikuwa Wekulo, bila shati, kipande cha gunia kimekunjwa begani, mwili wote mweupe kwa vumbi la pumba. Muuza chai alisema dereva mpya aliletwa mwezi wa pili, na mzee aliyemtangulia akaambiwa abebe au aende nyumbani. Akaongeza kwamba mzee yule ndiye peke yake anayeoga pale bombani kabla ya kutoka.

Nerima alihesabu magunia kumi na moja ya kilo sabini. Kisha akanishika mkono tukaondoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu kwa dakika moja nilikuwa nimesikitika kumkosa huyo mwanamke.

Mulongo alifika Jumamosi. Alipokuwa akinywa chai aliuliza shemeji yake amekosa nini. Wekulo akamgeukia mkewe, maana ndiyo kwanza anasikia kwamba amekosa. Nerima alinitaka nikae, kwa kuwa nilikuwapo tangu mwanzo. Alileta beseni la maji moto yenye chumvi, akamvua mumewe shati na fulana mbele yetu sote. Bega la kulia lilikuwa limechubuka likaota sugu, likachubuka tena juu ya sugu.

"Nilikushuku mwanamke, Baba Vivian," akasema. "Kaka yangu nilimwita uondoke nyumba hii leo."

Wekulo alilivuta beseni karibu na miguu yake.

"Na mimi nilikuwa naoga kule," akasema, "ili hapa nyumbani mbaki na dereva."

Mulongo alitoka nje akajifanya anapiga simu. Nerima alichovya kitambaa akaanza kumkanda, na mimi nikajiendea kwangu bila kuaga.

Jumapili hakuna aliyepimwa. Jumatatu asubuhi nilikutana na Wekulo kwenye ngazi. Mkononi alishika pedi nene ya bega iliyoshonwa kwa leso ya Nerima, ile nyekundu ya harusi yake, na hakuificha. Kwa mazoea nikamwambia, "Habari ya asubuhi, Dere."

"Mpakiaji, Awuor," akasema kwa sauti ya kawaida, watu wakipita, na akaendelea kushuka.