Kamioni Niliyoifunga Mdomo

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kasongo, wakati wa Wabelgiji, nimesimama kwenye banda la fundi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na moyo wangu umeshafika Kabambare bila mimi.

Kaa chini kwanza, mwanangu. Naona bado umeshika ufunguo wa pikipiki mkononi. Mimi mwenyewe sijui kutulia, wewe unanijua. Hata sasa, na uzee wote huu, mguu wangu unacheza chini ya kiti kama unataka kuondoka peke yake. Lakini juzi uliniambia jambo huku unacheka: kwamba mke wako alikuwa analalamika kila siku, ukamletea kitenge kipya, akanyamaza. Ulicheka sana. Mimi sikucheka, na tangu siku ile sina raha. Ndiyo sababu nimekuita.

Wakati ule nilikuwa shofere wa kamioni ya mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Tulikwenda Kabambare na chumvi na nguo, tukarudi na mpunga na pamba. Shofere alikuwa mtu mkubwa siku zile, mwanangu. Nikipiga honi kijijini, wanawake waliacha kutwanga ili watazame, na mimi nilitazama mbele tu kwa maringo, kumbe najua kila jicho liko wapi. Ila gari lenyewe lilikuwa limezeeka kabla mimi sijaota ndevu, na ugonjwa wake ulikuwa ndani ya sanduku la gia, lile ambalo sisi tunaliita bwate. Gia ya tatu ilikuwa inaruka. Unaitia, unakwenda kidogo, mara ule mti wa gia unarudi wenyewe katikati na injini inavuma bure. Tena bwate ililia. Ililia tangu tunaondoka hadi tunafika, sauti nyembamba isiyopumzika, mpaka abiria waliokaa juu ya magunia walishuka wakiumwa kichwa.

Fundi wetu alikuwa Mzee Ramazani. Alikuwa mtu wa kofia nyeupe, na sijui alifanyaje, kofia ile ilibaki safi hata akilala chini ya gari. Tuliifungua bwate pamoja siku ya Jumatatu. Aliosha kila gurudumu la meno kwa mafuta ya taa, akayapanga juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule yalivyotoka, kisha akafumba macho na kupitisha kidole juu ya kila jino, moja moja. Mimi nilikuwa nyuma yake napumua kwa nguvu. Nilitaka kumnyang'anya vile vyuma nivirudishe mwenyewe.

Maana nilikuwa na miadi. Ijumaa ile, baada ya sala, baba yake Feza alikuwa anatungoja Kabambare. Feza ndiye huyo mama yako. Nilikuwa nimemwona sokoni kwao mara tatu, tukazungumza mara mbili, na mara zote mbili alinishinda kwa maneno. Msemaji wangu wa posa alikuwa Baba Mkubwa Sefu, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza barabara. Kapita wake, yaani msimamizi wa vibarua, alikuwa amempa ruhusa mpaka Jumamosi jioni tu, na kupata ruhusa ile alinyenyekea mwezi mzima. Nilisikia pia kwamba karani mmoja wa pamba alikuwa anapitapita karibu na nyumba ya akina Feza. Unaona nilivyokuwa? Chakula hakipiti, usingizi hauji.

Mzee Ramazani alinionyesha gurudumu moja. Meno yake yalikuwa yameliwa yakawa mviringo.

"Hii pinyo imekufa, Yuma. Njo maana inalia, njo maana inaruka. Iko kamioni moja ya namna hii ilikufa kule Nyangwe, karibu na muto. Nitaenda na kinga yangu, nitatoa pinyo yake. Alhamisi mu saa sita niko hapa."

"Muzee, Ijumaa niko na maneno yangu kule Kabambare!"

"Tuma mutu awaambie utakawia."

"Baba mukubwa hana siku ingine. Muzee, tuifunge tu vile iko. Imetembea vile miaka mingi."

Alinitazama kidogo. "Hapana, Yuma," akasema, na Jumanne alfajiri akapanda baiskeli yake, ile aliyoiita kinga, kwenda Nyangwe.

Sasa nisikilize hapa, mwanangu, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mashofere wa njia hii tulikuwa na dawa yetu ya siri. Hakuna Mzungu aliyetufundisha. Tulifundishana wenyewe kwenye vituo, tukinong'onezana na kucheka. Bwate ikilia sana, na unataka tajiri asisikie, unachukua maganda ya ndizi zilizoiva, unayapondaponda, unayachanganya na mawese mazito yaliyoganda, unashindilia ndani pamoja na mafuta. Na ule mti wa gia unaoruka unaufunga kwa utepe wa mpira wa gurudumu, ubaki mahali pake kwa nguvu. Basi Jumatano niliyarudisha magurudumu yote, na lile lililoliwa nikalirudisha nalo, nikashindilia maganda. Nilikula ndizi nyingi sana siku ile.

Nikawasha gari, nikazunguka msikiti na soko. Kimya! Halikulia hata kidogo. Mwenye gari alitoka dukani akanipigia makofi. "Yuma, weye sasa ni mekanisie ya kweli!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali sifa ile nikatabasamu.

Alhamisi asubuhi tukaondoka. Baba Mkubwa alipanda juu ya magunia ya chumvi pamoja na shangazi yangu na abiria wengine. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, na mapajani ameshika kuku wawili wa posa. Njia nzima nilimsikia akiwaambia watu, "Huyu shofere ni mutoto yangu." Kila aliyepanda njiani aliambiwa hivyo, apende asipende.

Tulipita vizuri hadi upande wa Wamaza. Kule kuna mlima mrefu wenye udongo mwekundu. Nikaanza kuupanda kwa gia ya tatu, gari likachoka, nikafungua ule utepe wa mpira ili nirudi gia ya pili. Gia ya pili ikakataa. Nikasukuma tena, nikasikia kitu kikikatika ndani, kisha mti wa gia ukawa mwepesi mkononi mwangu, unazunguka huku na huku kama mwiko ndani ya uji. Gari likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Breki zenyewe ziliujua uzito wa chumvi ile, zikashindwa. Nyuma yetu palikuwa na kona, na baada ya kona ni korongo. Juu ya magunia watu wakapiga kelele, na katika kelele zile nilimtambua shangazi yangu akiniita kwa jina nililoitwa utotoni. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa vile tena mpaka leo.

Aliyeruka ni Baba Mkubwa. Alikuwa mtu wa barabara, alijua gari linalorudi nyuma linataka nini. Alivuta lile gogo la kuzuia gurudumu, tunaloita kale, akalisukuma nyuma ya tairi. Tairi likalisogeza. Akalisukuma tena, safari hii kwa mkono mzima, na hakuutoa mkono mpaka gari liliposimama. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilibaki chini.

Sitakusimulia damu. Shangazi alichana kitenge chake akamfunga, vijana wa kijiji wakambeba kwenye machela hadi kwa muuguzi wa Wamaza, na mimi nikabaki mlimani na gari, abiria wamekaa pembeni ya njia wananitazama. Mmoja akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Shofere, nini imevunjika?" Nikamjibu kwamba sijui.

Kesho yake, Ijumaa, wakati ambapo ningekuwa nimekaa kwa akina Feza, nilimwona Mzee Ramazani akipanda mlima kwa miguu, anasukuma baiskeli. Alikuwa amerudi kutoka Nyangwe, akakuta banda halina gari na sakafuni kuna vikonyo vya ndizi. Hakuhitaji kuuliza wala kuambiwa. Alipumzika kidogo tu, akanifuata. Kwenye mfuko wa baiskeli alikuwa na gurudumu la meno, limefungwa ndani ya kitambaa. Kwa mara ya kwanza niliona kofia yake imechafuka.

Nilingoja matusi. Laiti angenitukana! Alisema tu, "Fungua." Nikafungua bwate palepale barabarani, watu wote wanatazama. Akaniambia niyatoe maganda kwa vidole vyangu, na niyaweke juu ya jani kubwa mahali kila abiria anapoyaona. Yalikuwa meusi, yananuka mawese yaliyoungua. Ndani yake nikakuta vipande vya meno ya chuma. Shangazi alisogea, akatazama, akanitazama mimi, akarudi kukaa.

Ndipo Mzee akazungumza.

"Ile kelele ilikuwa inakuambia pahali inaumia. Weye uliifunga kinywa. Haukuitengeneza, Yuma. Uliinyamazisha."

Basi. Tulifanya kazi mpaka jua linazama na tukaendelea asubuhi, na alinifanya nipitishe kidole kwenye kila jino nikiwa nimefumba macho, nimwambie nahisi nini. Kila nilipoharakisha alinirudisha mwanzo.

Tulipopita kumchukua kwa muuguzi, Baba Mkubwa alikataa kurudi Kasongo. "Twende mbele," alisema, mkono umefungwa unafika saizi ya boga. Tukafika Kabambare Jumamosi alasiri, saa zile zile ruhusa yake ilipokuwa inakwisha. Kuku walikuwa wamebaki mmoja. Baba yake Feza alitukaribisha, akautazama ule mkono, akauliza kumetokea nini.

Baba Mkubwa akajibu upesi, "Ni gari tu, shemeji. Gari ni zee."

Alikuwa ananificha, mwanangu. Vidole vyake viwili vimekwenda, kazi yake iko mashakani, na bado alikuwa ananitafutia mke. Ningeweza kunyamaza, na mambo yangepita. Nilisikia mdomo wangu unasema, "Hapana. Ni miye." Nikaeleza yote, maganda na mawese, na sifa nilizopokea dukani.

Baba yake Feza aliutazama tena ule mkono uliofungwa. Kisha akasema, "Binti yangu eko na kinywa. Jambo ikimuuma, atasema. Atasema asubuhi, atasema mangaribi. Mutu kama weye, utamufanya namna gani?"

Nikasema, "Nitasikia."

"Utasikia," akarudia, kama anaonja neno. "Basi rudi kwenu. Mavuno yakiisha, kuja na kamioni ile ile. Nitasimama njiani niisikie mwenyewe."

Ule mwezi na ile iliyofuata sijui niliimalizaje. Baba Mkubwa alirudi kazini amechelewa, na kapita akampa adhabu ya kuchimba mifereji peke yake. Nilipopata nafasi nilikwenda kumchimbia. Alikuwa ananifukuza, mimi nachimba tu. Mavuno yalipokwisha nikaipeleka kamioni Kabambare, na yule mzee alisimama kweli njiani, mkono sikioni. Nikapewa mama yako.

Mama yako alisema asubuhi na alisema jioni, wewe mwenyewe ni shahidi. Usidhani nilikuwa mpole. Mara ngapi neno "nyamaza" lilifika hapa kwenye ulimi! Lakini Baba Mkubwa alikuwa jirani yetu, na kila asubuhi aliniamkia kwa mkono ule wa kuume, makusudi, ingawa wa kushoto ulikuwa mzima. Nilikuwa naushika. Nilihisi pengo la vile vidole viwili, narudi ndani, nakaa, namuuliza mama yako, "Iko nini?" Mara nyingi lilikuwa jambo dogo. Mara mbili lilikuwa kubwa, na mara moja kati ya hizo lilikuwa wewe, una homa, na mimi nilikuwa nataka kusafiri.

Sasa nakuambia wazi, mwanangu, usije ukasema nilizunguka. Kitenge ulichomletea mke wako ni kizuri, na anastahili vitenge kumi. Lakini ulikileta ili anyamaze, na yeye amenyamaza, na hujui bado ni jino gani limeliwa. Ulifurahia kimya kile kama mimi nilivyokifurahia nilipouzunguka msikiti. Rudi nyumbani leo. Usimpe kitu. Kaa chini, mguu ucheze ukitaka, umuulize kinachomuuma, na akianza kusema usimkate hata akikutaja wewe. Atakutaja. Na ukikuta kosa ni lako, liseme mwenyewe kabla mtu anayekupenda hajakuficha.

Ufunguo niachie. Pikipiki hiyo nimeisikia inalia tangu kwenye kona, kesho tutaifungua pamoja. Nenda kwa miguu, si mbali.

Mungu akupe nyumba yenye sauti, mwanangu, na akupe masikio ya kukaa nayo. Akulindie mikono ya wote watakaoruka kwa ajili yako. Amina. Nenda sasa, mke wako anakungoja.